Mzee Aliyeupa Mpira Mgongo

Mpira siuelewi, nianzie hapo. Nimekaa kwenye jukwaa la uwanja wa chuo kikuu mara nyingi kuliko wanaume wanaokuja saluni kwetu kubishana, na bado ukiniuliza kuotea ni nini nitakuambia subiri nimuulize mwanangu. Mimi ni msusi. Shule niliiacha Uvira mwaka wa pili wa sekondari, na mengi ninayoyajua nimeyasikia nikiwa nimesimama nyuma ya kichwa cha mtu. Kwa hiyo nikisema nataka kumwandika mlinzi mmoja wa hapa Johannesburg, na siku niliyompeleka binti yangu kwenye mechi yake ya kwanza, msomaji asitegemee kwamba mwishoni nitamfafanulia mambo. Nitamwambia nilichokiona. Kuelewa tutasaidiana.

Tulimwita Mzee wa Geti, kwa sababu alilinda geti la chuo kikuu kimoja kilicho ng'ambo ya kilima. Jina lake lilikuwa kwenye kibati kifuani, kila mtu alilisoma na hakuna aliyelitumia. Mwaka 2015 nilihamia yadi moja ya Yeoville, Neema wangu akiwa na miaka mitatu, na ukuta wangu ukawa ukuta wake. Alikuwa mtu wa Bukavu; hilo lilijulikana kwa namna alivyosema "weye" na kwa namna alivyopiga pasi shati. Mengine ya nyuma hakuyasema, nasi hatukuuliza. Kwenye yadi yetu kila mtu alikuwa na chumba kimoja cha kupanga na kingine cha mambo asiyoulizwa.

Akivaa sare alikuwa mtu mmoja, akiivua anakuwa mwingine, na nadhani wale wawili hawakuwa wakisalimiana. Asubuhi, kofia kichwani, Neema akimwamkia kwa Kiingereza, yeye anamjibu kwa Kiingereza cha ofisini, halafu anampandishia na Kizulu juu. Jioni, kofia ikishaning'inia msumarini, mtoto yuleyule akimwuliza kitu kwa Kiingereza kilekile, mzee anatega sikio kama kiziwi.

"Huyu mtoto anasema lugha gani? Nitafutieni mkalimani."

"Mzee, si asubuhi ulimjibu?"

"Ile ilikuwa kofia, Mama Neema. Kofia imesoma. Mimi sikusoma."

Na hakucheka. Angeweza kukaa jioni nzima hasikii Kiingereza, hata ukimwambia kwa Kiingereza kwamba chungu chake kinaungua.

Kazi yake hakuiacha kazini. Wageni wote wa yadi aliwakagua yeye. Baba Neema anachomelea vyuma Rustenburg na huja mwisho wa mwezi. Basi kila mwisho wa mwezi alikuwa anasimamishwa mlangoni na mzee aliyevaa kandambili na kaptula.

"Jina? Unaenda kwa nani? Unatoka saa ngapi?"

"Mzee, naenda kwa mke wangu."

"Wote wanasema hivyo. Saa ngapi unatoka?"

Lakini mlango wa chumba chake mwenyewe ulikuwa wazi mchana kutwa, redio mezani, viatu vizuri chini ya kitanda. Nilimwambia mara mia, Mzee, utaibiwa. Akasema, "Mlango haulindwi kwa kutazama mlango. Unalindwa kwa kutazama watu." Niliyachukua maneno hayo nikayaweka mahali ninapoweka maneno ya wazee nisiyoyaelewa, nikaendelea kusuka.

Kulikuwa na mambo yake mengine yaliyokuwa hayakai pamoja. Mlinzi mzima anaogopa mbwa. Hata mbwa wa jirani aliyekuwa na meno mawili tu, Mzee alimpita kwa mbali. Alichukia uongo, na alikuwa na uongo mmoja mkubwa kama nyumba: eti Bukavu alikuwa kipa, watu walikuwa wanalipa kuja kuona mikono yake. Siku moja watoto wa yadi walipiga mpira ukamjia tumboni, taratibu, mpira wa kumpa mtu zawadi. Mzee akajiondoa, akaupisha kwa heshima kama anayepisha msafara wa harusi, ukaenda ukatua kwenye sufuria yangu ya maharage.

"Kipa gani wewe!" nikapiga kelele, maharage hadi kwenye nywele.

"Kipa mzuri anajua mpira usiomhusu," akasema.

Na kuna ile siku ambayo siwezi kuiacha. Ilikuwa mwaka uleule niliohamia, siku za uvumi kwamba sisi wageni tutapigwa na kufukuzwa. Saluni yetu iliteremsha mlango wa chuma saa nne asubuhi, mwenye spaza, kiduka cha kona, akafunga, kila mtu akakimbilia chumbani kwake. Mzee alikuwa na siku yake ya kupumzika. Nilimwona kupitia dirisha akipiga pasi sare polepole, akaivaa, akavaa kofia, akachukua daftari na kalamu, akaenda kusimama kwenye mlango wa yadi. Wakaja vijana watano na fimbo. Akawauliza kwa Kizulu, kwa sauti ya kila siku: Jina? Unaenda kwa nani? Unatoka saa ngapi? Wakatazamana. Mmoja akacheka. Mmoja, naapa, akachukua kalamu akaandika jina. Halafu wakaondoka, kama watu waliokosea anwani.

Nilipotoka nilimkuta ameketi juu ya kreti ya soda. Nilimpa maji, akanywa yote kwa mkupuo mmoja.

"Mzee, wewe ni jasiri."

"Jasiri nani? Nilikuwa nasoma nyuso tu. Watatu walikuwa wanatazama viatu vyao. Mtu anayetazama viatu vyake anataka kwenda nyumbani."

Kuna watu wanakumbuka kanisa kwa ajili ya Jumapili. Mimi nakumbuka pasi ya Mzee wa Geti. Jumapili mchana, tukisharudi ibadani, alikuwa anatoa meza uani, anapiga pasi mashati ya wiki nzima, na huku anatusimulia mechi ya Jumamosi. Maana siku za mechi za chuo alihamishwa kutoka getini akawekwa uwanjani. Na alivyosimulia! "Dakika za mwisho, watu wote kimya, unasikia mtu anatafuna karanga. Mara, wuuu! Kijana mmoja kamwaga soda yote mgongoni kwa mchumba wake, na mchumba badala ya kumpiga kibao anamkumbatia. Mzee mmoja mwenye fimbo katupa fimbo." Tulikuwa tunaacha kula. Neema alikaa chini ya meza ya pasi, mdomo wazi, na alicheka mahali penyewe pa kucheka kabla yetu. Miaka miwili mizima sikugundua kwamba katika hadithi zile zote mpira wenyewe haukuwemo.

Sasa, niseme kilichokuwa kinaniuma.

Mama yangu yuko Uvira. Kila Jumapili jioni alikuwa anapiga simu, na baada ya salamu mbili anasema, "Nipe mtoto." Nampa Neema simu. Neema anasema "Yebo, Gogo," kama alivyofundishwa na watoto wenzake kusalimia bibi kwa Kizulu, halafu ananirudishia simu kama kitu cha moto na kukimbia. Kiswahili alikisikia chote. Ukimtuma chumvi analeta chumvi, ukimsema anakasirika. Lakini kukitoa mdomoni, hapana. Nilimbembeleza, nikamnunulia biskuti, nikajifanya na mimi sisikii Kiingereza kama Mzee, nikashindwa siku ya pili kwa sababu alikuwa ananiambia mlango wa friji uko wazi. Jumapili moja mama yangu akaniambia kwenye simu, "Mwanangu, umenizalia mgeni." Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya. Akaongeza kwamba masikio yake yameanza kuaga, sikio la kushoto tayari limefunga duka, kwa hiyo kama mtoto ana neno la kumwambia bibi yake asichelewe.

Nilitoka uani nikiwa nalia. Mzee alikuwa bado na pasi.

"Mlete Jumamosi," akasema.

"Wapi?"

"Mpirani. Kuingia ni bure kabla ya saa nane."

"Mzee, mpira utamfundishaje Kiswahili?"

"Nimesema nitamfundisha? Nimesema mlete."

Basi nikajiandaa. Na hapa lazima nikiri kosa letu, watu wa kwetu. Kwetu mtu haendi chuo kikuu hivihivi. Chuo ni chuo. Kaka yangu alipomaliza masomo kule Bukavu, ukoo mzima ulikwenda umevaa kama unakwenda kupokea askofu, hata mtoto wa mgongoni alikuwa na tai. Kwa hiyo Jumamosi ile nilivaa kitenge changu cha harusi na kilemba, nikamvisha Neema, miaka mitano, gauni jeupe la kanisani, soksi za lesi na glovu ndogo nyeupe. Nikakaanga sambusa, nikajaza chupa ya chai. Tukatembea toka Yeoville, kila kwenye roboti, zile taa za barabarani, madereva wanatupigia honi, mimi napunga mkono.

Tukafika. Wanafunzi wote wako na kaptula. Wengine wamejipaka rangi ya bluu usoni, mmoja amevaa ndoo kichwani, vuvuzela zinalia kama ng'ombe mia wanaozaa kwa pamoja. Msichana mmoja mwenye nyota ya bluu shavuni akatusogelea kwa heshima, akaniuliza kama sisi ndio kwaya.

Mzee alikuwa ameniambia kaeni benchi la mbele, karibu na uzio. Tukakaa. Yeye alikuwa upande wa pili wa uzio, hatua tano hivi, mikono nyuma, kofia imenyooka, anatutazama. Nikadhani anatukaribisha. Filimbi ikalia, watu wazima ishirini na wawili wakaanza kukimbia, uwanja mzima ukasimama. Mzee bado anatutazama sisi.

"Mzee, geuka! Wameanza!"

Kichwa hakikutikisika. Midomo tu ndiyo iliyocheza. "Najua. Nimeona macho yako."

"Basi tazama!"

"Mama Neema, mimi sikuajiriwa kutazama mpira. Nimeajiriwa kuwatazama ninyi."

Ndipo nikaona kwamba kuzunguka uwanja mzima, kila baada ya hatua chache, kulikuwa na mlinzi kama yeye, na wote wameupa mpira mgongo.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tisa huu."

"Miaka tisa, hujaona goli hata moja?"

"Nimeona magoli mengi sana. Nimeyaona kwenu." Na hapo, bila kusogeza hata bega, akanieleza kazi yake. Kona, watu wanainuka nusu, hawakai wala hawasimami. Penalti, wanawake wanashika midomo, wanaume wanashika vichwa. Wakifungwa, yeye anaona utosi, maana wote wanatazama viatu. "Na goli la kwetu, naona meno. Mpaka yale ya nyuma."

Sijui nilihisi nini. Nilitaka kucheka, na nilitaka kumsikitikia, na nilikuwa nimeshika sambusa. Nikaila.

Kipindi cha kwanza Neema hakutazama mpira sana. Alimtazama Mzee. Mara anajaribu kumchekesha, mara anamwonyesha glovu. Yakaja mapumziko, yakaisha, timu zikarudi, na mtoto akashtuka. Akanivuta kitenge. Wale wa bluu, waliokuwa wanapeleka mpira upande wa miti, sasa wanaupeleka upande wa maegesho ya magari, na hakuna hata mtu mmoja anayeshangaa. Nikatazama, na mimi nikashangaa. Nikadhani wamechanganyikiwa, au wamenunuliwa. Nikamwambia, nenda kamuulize Babu.

Akasogea mpaka kwenye uzio, akamweleza kwa Kiingereza, haraka haraka, kwa mikono yote miwili.

"Sisikii," akasema Mzee.

Mtoto akasimama wima. Alidhulumiwa, na alijua. Akanyoosha kidole kwenye kofia. Akamwambia kwa Kiingereza kwamba kofia anayo kichwani, kwa hiyo anasikia, asimdanganye.

Huo ulikuwa ukweli. Mzee mwenyewe ndiye aliyetunga sheria hiyo, na sasa ilikuwa imemkamata. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Halafu, polepole, kwenye zamu, mbele ya uwanja mzima, akavua kofia akaiweka kwapani.

Neema akamtazama upara. Akavuta pumzi.

"Wamehama," akasema.

Mimi nikaacha kutafuna.

"Nani wamehama?" akauliza Mzee.

"Wote."

"Wote? Hata kipa?"

"Hata kipa. Huyu ameenda kwa huyu. Na huyu ameenda kwa huyu."

"Na vitu vyao je, wamebeba?"

Mtoto akageuka, akakagua uwanja kwa makini, kama mtu anayehesabu mizigo stendi.

"Chupa ya maji tu."

Sijui ni kwa nini neno hilo lilinipiga vile. Sisi wa yadi yetu tunajua kuhama, na tunajua chupa ya maji tu. Nyuma yangu watu wakapasuka kelele, nikatikiswa, nikamwagiwa kitu baridi shingoni. Lilikuwa goli. Sikuliona, nilikuwa namtazama mwanangu. Mzee naye hakuliona, alikuwa ananitazama mimi.

"La kwetu," akasema, akarudisha kofia.

Ungedhani hapo ndipo shida yangu ilipoisha. Jumapili nikampa Neema simu kwa kiburi chote. Mama, msikilize! Mtoto akasema "Yebo, Gogo," akakimbia. Nikamfuata mpaka chini ya kitanda. Si jana umesema? Akanieleza kwa Kiingereza, kwa subira, kama mimi ndiye mtoto, kwamba ile ni lugha ya Babu wa Geti akivua kofia. Bibi hana kofia.

Sasa jibu hilo wewe ungelifanya nini?

Tulikwenda Jumamosi nyingi, misimu miwili. Neema alikuwa anasimama kwenye uzio, Mzee anavua kofia, na mtoto anamsimulia kilichoko nyuma yake. "Mwekundu ameanguka. Analia uongo. Refa hamwamini." Kiswahili chake kilikuwa na Kizulu ndani kama mawe kwenye mchele, lakini kilikuwa kinapikika. Jumapili, kwenye meza ya pasi, Mzee akisimulia, mtoto alikuwa anamkatiza: "Hapana, Babu, ilikuwa kona." Nyumbani na mimi, Kiingereza. Na Bibi, kimya. Nilingoja. Mimi ni mtu wa kungoja vizuri. Miaka yote ninangoja saluni yangu mwenyewe, nimeshachagua na rangi ya viti.

Halafu Jumamosi moja msimamizi wa kampuni yao alipita ukingoni mwa uwanja, mtu mwembamba mwenye kitabu. Mzee alikuwa kichwa wazi, amemwinamia mtoto, anacheka. Msimamizi alifungua kitabu. Aliandika. Kabla mwezi haujaisha Mzee alikuwa amepelekwa Midrand kulinda ghala.

Nilimuuliza kama ni kwa sababu ya kofia. Akasema hapana, ni mkataba wa chuo umebadilika. Nikamuuliza tena alipokuwa anafunga mzigo, akasema ni magoti yake, kule kuna kiti. Nikamuuliza mara ya tatu, gari ya kumchukua ikiwa imefika, akasema aliomba mwenyewe. Majibu matatu kwa swali moja, kutoka kwa mtu aliyechukia uongo. Mpaka leo sijui lipi la kweli, na usiku wa kuamkia Jumamosi huwa nayageuza yote matatu.

"Kuna nini huko?" nikamuuliza.

"Maboksi." Akapanda gari. "Maboksi hayana uso, Mama Neema."

Neema alifunga Kiswahili kama duka. Mwaka mzima hatukusikia neno. Kwenye simu, Bibi akawa anapiga kelele kwa sababu hajisikii mwenyewe, nami napiga kelele kumjibu, na mtoto anatutazama kama watu wanaogombana.

Mara ya mwisho kumwona Mzee ilikuwa mwaka 2019. Nilimpigia simu, nikamwambia ana Jumamosi moja ya kupumzika kwa mwezi, aje atazame mpira. Atazame, kwa macho, akiwa amekaa. Akauliza geti linafunguliwa saa ngapi.

Tulimngoja getini. Safari hii sisi ndio tuliojua: kaptula, fulana za bluu, Neema mwenye miaka saba ana nyota shavuni. Mzee akatokea ng'ambo ya barabara amevaa suti. Suti nyeusi ya vipande vitatu, tai, viatu vinang'aa, kofia ya sherehe. Chuo ni chuo. Mlinzi kijana akamsimamisha, akampapasa mifuko, akamfungulia hata kisanduku cha miwani.

"Amenikagua vizuri," Mzee akaniambia tukiingia, macho yakimeremeta. "Mkono mwepesi kidogo, lakini atajifunza."

Tulimweka katikati yetu, benchi la mbele. Filimbi ikalia. Akakunja mikono magotini, akainama mbele, akatazama mpira wa miguu kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote ile. Akatazama dakika tano. Kumi.

"Mpira wenyewe ni mdogo hivi?" akauliza.

"Ndio huo, Mzee."

"Mbona kila mtu anakimbia kwake?" Akapangusa miwani. "Sielewi kitu. Weye unaelewa?"

"Hata mimi sielewi."

"Bon, afadhali. Nilidhani ni mimi."

Akajitahidi. Nilimwona anavyojitahidi, kama mgeni anayekula chakula asichokijua ili asimuudhi mwenyeji. Lakini shingo ilikuwa inamsaliti. Kila kelele ikipanda, kichwa kinageuka nyuma, kwa watu. Mwishowe, karibu na mapumziko, akainuka, akaomba radhi kwa kila aliye karibu, akapitisha mguu mmoja juu ya benchi, halafu wa pili, akakaa ameupa uwanja mgongo. Waliokuwa nyuma yetu wakatazamana: mzee wa suti amekaa mbele yao anawasoma kama gazeti. Mabega yake yakashuka. Akavua kofia, akaiweka gotini.

Neema aliiona kofia. Nami niliona kwamba ameiona.

Mapumziko yalipokuwa yanaisha, simu ikalia. Mama yangu. Jumapili ndiyo siku yake, lakini kesho yake angepanda basi kwenda kwa daktari wa masikio, sikio la kulia nalo lilikuwa linaaga. Mikono yangu yote ilikuwa na mafuta ya sambusa. Nikamwambia Neema apokee tu, afungue sauti kubwa, amwambie Bibi angoje. Mtoto akafungua. Kutoka Uvira, juu ya vuvuzela zote, mama yangu akapiga kelele: "Haloo! Kuna nini huko? Mko kwenye vita?"

Neema akanitazama. Mimi nilikuwa natafuta kitambaa. Timu zilikuwa zinarudi uwanjani kwa kipindi cha pili.

Mzee, bila kugeuka, akasema taratibu, "Neema. Mimi sioni. Na yeye haoni. Sema kwa nguvu, tusikie wote wawili."

Mtoto akatazama kofia iliyoko gotini. Akapanda juu ya benchi, akashika simu kwa mikono miwili.

"Bibi," akasema. "Wanahama."

Nikajilaumu, si neno la kumpigia kelele mwanamke wa Uvira, hilo; kule watu huhama wakikimbia vita. Sauti ya mama yangu ikawa ndogo.

"Wanahama tena? Wanaenda wapi, mjukuu wangu?"

Neema akageuka, akaangalia uwanja kwanza, asije akamdanganya.

"Hawaendi mbali, Bibi. Ni hapa hapa tu, upande wa pili. Kipa amebeba maji yake."

"Ahaa," akasema mama yangu. "Ahaa. Endelea."

Na mtoto akaendelea.

Mzee wa Geti alikuwa ameacha kuwasoma wale wa nyuma. Alikuwa ananitazama mimi, moja kwa moja usoni, na uso wake ulikuwa uleule wa kazini, ule usiokosea.

"Goli," akasema. "La kwetu."

Nikageuka kutazama. Mpira ulikuwa katikati ya uwanja, umetulia kwenye nyasi, na refa alikuwa bado hajapuliza.